Kabla Hujamwita Mvivu: Mwongozo wa Mwalimu wa Kumwelewa Mwanafunzi Kwanza

Mwaka wangu wa tatu wa kufundisha nilikuwa na mvulana wa Darasa la Nne, mrefu kuliko wenzake wote. Kwa urefu huo nilimkalisha dawati la mwisho asiwazibe wadogo. Kila nilipoandika zoezi ubaoni, shingo yake ilikuwa kwenye daftari la jirani. Hesabu ya 36 × 8 kwake ilikuwa 86 × 3. Nilimwonya, nikamtenganisha na jirani yake, nikamsimamisha mbele ya darasa, na siku moja nikamwandikia kwa wino mwekundu: "Mvivu. Ananakili." Mwezi wa tisa mwalimu wa zamu alimwagiza asome tangazo lililobandikwa ukutani. Mtoto alilisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, kisha akalisoma lote bila kukwama hata neno moja. Nilikuwa nimesimama karibu. Ndipo nikajua kwamba tangu Januari mtoto yule alikuwa haoni ubao.

Mwongozo huu umetokana na kosa lile. Nawaandikia walimu wa shule za msingi Tanzania, ingawa mzazi au mlezi naye ataona pa kushika. Najua hoja ya kwanza itakayokuja ni muda. Hakuna awezaye kumchunguza kila mtoto katika darasa la watoto 90, na sikuombi ufanye hivyo. Chagua mmoja kwa wiki: yule ambaye jina lake linatajwa kwa hasira mara nyingi kuliko wengine katika ofisi ya walimu. Ukiacha safari ya kwenda nyumbani kwake, kazi nzima haizidi saa mbili au tatu.

Hatua ya kwanza: andika ulichokiona, acha kumpa jina

Tafuta daftari dogo, uweke mfukoni. Kwa siku tano andika mambo ambayo mtu mwingine angeyaona kama angesimama ulipo wewe. Maneno kama mvivu, mtukutu, jeuri, mzito, mtoro na hana adabu yasiingie humo. Mwalimu akishasema "mvivu" huwa ameacha kutafuta, na mbaya zaidi, anamrithisha mwalimu wa darasa linalofuata neno hilo pamoja na mtoto.

Badala ya "Analala darasani" andika: "Jumanne, kipindi cha pili, alilaza kichwa dakika kumi hivi. Jumatano, kipindi cha pili, vilevile. Baada ya uji wa saa nne alikuwa macho, alijibu maswali mawili." Mistari hiyo mitatu inakuonyesha kwamba usingizi wake una saa, na kwamba chakula kinauondoa. Neno "mvivu" lisingekuonyesha hilo.

Mfano mwingine. Badala ya "jeuri, haitiki anapoitwa" andika: "Nimeita jina lake mara tatu akiwa amenipa mgongo, hakugeuka. Nilipomzunguka nikaita nikiwa mbele yake, aliitika mara moja." Hapo tayari unajua pa kuanzia ni sikio.

Andika pia yanayokwenda vizuri. Mtoto anayeonekana hajui hesabu darasani lakini anarudisha chenji bila kukosea kwenye genge la mama yake ana akili ya hesabu. Kinachomshinda ni kitu kingine, labda kusoma swali lenyewe.

Hatua ya pili: soma daftari la mahudhurio

Sisi huijaza rejista kila asubuhi, kisha hatuitazami tena mpaka mwisho wa mwezi tunapojumlisha. Ifungue, fuata mstari wa mtoto mmoja kwa kidole, tarehe kwa tarehe, na juu ya kila siku aliyokosa andika ilikuwa siku gani ya wiki.

Nilipofanya hivyo kwa msichana wa Darasa la Sita aliyekuwa akiitwa mtoro, nilikuta amekosa siku tisa katika muhula, na nane kati ya hizo zilikuwa Alhamisi. Kijijini pale Alhamisi ilikuwa siku ya gulio. Mama yake aliuza nyanya huko, na msichana ndiye aliyebaki na kitinda mimba mwenye umri wa miezi minane. Kwa mahudhurio yake ya siku nyingine nne alikuwa bora kuliko nusu ya darasa. Fimbo ingefanya nini hapo? Tuliongea na mama, jirani mmoja akakubali kumshika mtoto asubuhi za Alhamisi, na utoro ukaisha wiki ileile.

Mitindo mingine utaizoea. Anayekosa siku za mvua mara nyingi ana korongo au mto kati ya kwao na shule. Anayekosa Jumatatu huenda alikuwa kwa mzazi mwingine wikiendi, au ana sare moja ambayo haijakauka. Msichana mkubwa anayekosa siku tatu au nne kila mwezi, angalia choo cha shule kabla hujamwangalia yeye: kina mlango unaofungwa? Kina maji? Anayekosa siku ambazo majina ya wasiolipa michango husomwa mstarini, sababu tumeitengeneza wenyewe.

Lililo la kuogopesha ni badiliko la ghafla: mtoto aliyekuwa hakosi, anaanza kukosa, aliyekuwa mchangamfu, ananyamaza. Hilo nitalirudia chini.

Hatua ya tatu: anza na macho, masikio na mwili

Anzia hapa kwa sababu ni rahisi, ni bure, na ndipo tunapokosea kwa urahisi zaidi. Mtoto asiyeona vizuri hajui kwamba haoni vizuri. Hajawahi kuona kwa macho ya mwenzake, hivyo hudhani watu wote huona ubao kama ukungu.

Kupima macho, chukua karatasi nyeupe na kalamu nzito nyeusi. Chora herufi E yenye urefu na upana wa milimita 17 hadi 18, kila mkono na kila nafasi kati yake iwe karibu milimita tatu na nusu. Pima mita sita kwa rula au kamba, usikadirie kwa hatua. Fanya nje kivulini, penye mwanga wa kutosha. Mtoto afunike jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza. Wewe geuza karatasi, miguu ya E ielekee juu, chini, kulia au kushoto, naye aonyeshe kwa mkono inakoelekea. Rudia mara tano kwa kila jicho, ukibadilisha bila mpangilio. Anayeshindwa kupata angalau nne kati ya tano kwa jicho lolote anahitaji kupimwa hospitali. Ukubwa huo wa herufi kwa umbali huo ndio mstari ambao wataalamu wa macho huuita 6/12, yaani kuona kwa mita sita kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 12. Kipimo chako hakitoi ugonjwa wala namba ya miwani, kinakuambia tu nani apelekwe. Wakati unasubiri, mhamishe mbele leo hii. Mtoto mwenye ualbino mkalishe mbele bila kusubiri kipimo chochote, mbali na dirisha linaloingiza jua, na umruhusu asogee ubaoni kila anapohitaji, kwa kuwa kwa wengi wao hata miwani hairudishi uwezo wote wa kuona.

Kwa masikio, simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono mmoja, asione midomo yako. Yeye azibe sikio moja kwa kidole akikichezesha polepole. Toa pumzi, kisha nong'ona namba tatu, mfano "nne, tisa, mbili", naye azirudie. Akikosa, jaribu namba nyingine tatu. Akikosa tena, apelekwe. Angalia pia kama sikio linatoa usaha au harufu. Wazazi wengi huamini usaha wa sikio ni jambo la utoto litakaloisha lenyewe, kumbe ukiachwa muda mrefu unaweza kuharibu usikivu.

Kuna kifafa kisichomwangusha mtu. Mtoto anaandika, ghafla mkono unasita, macho yanakodoa au kope zinachezacheza, ukimwita hasikii, na baada ya sekunde kumi hivi anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa siku inaweza kumpata mara nyingi. Darasani tunasema "akili yake haipo". Ukiona hivyo zaidi ya mara moja, hesabu sekunde, andika, na umwombe mzazi ampeleke mtoto kituo cha afya na maandishi hayo. Dawa zipo na mara nyingi zinaidhibiti hali hiyo.

Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, huchoka haraka, hupata maumivu makali ya mifupa, na macho yake yanaweza kuwa ya njano. Figo zake hazizuii maji ipasavyo, hivyo anakojoa mara nyingi na anahitaji kunywa mara nyingi. Ukimnyima ruhusa ya kwenda chooni ukidhani anatoroka kipindi, na ukamzuia kunywa maji, unamkaribisha kwenye maumivu yatakayomlaza hospitali. Kwa shule za Kanda ya Ziwa na penye mabwawa ya mpunga, uliza juu ya damu kwenye mkojo: kichocho huleta uchovu na upungufu wa damu, na huko wavulana wengine huona mkojo mwekundu kuwa kitu cha kawaida. Minyoo na malaria zinazojirudia hufanya vilevile.

Kuhusu njaa sina maelezo marefu. Muulize amekula nini tangu jana mchana.

Hatua ya nne: zungumza na mtoto

Usimwite ofisini. Kwa mtoto, ofisi ya walimu ni mahali pa fimbo, na kila atakachosema humo atakisema akiwa anatafuta mlango. Keti naye chini ya mti, mahali watu wanapoweza kuwaona lakini hawawezi kuwasikia. Hilo la kuonekana ni kwa usalama wake na wako. Ukae, yeye naye akae.

Acha swali la "kwa nini". "Kwa nini umechelewa?" kwa sikio la mtoto ni mashtaka, na jibu lake ni kimya au uongo wa haraka. Mwombe akusimulie.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa. Hujakosa kitu. Nataka unisimulie asubuhi ya leo, tangu ulipoamka mpaka ulipofika getini."

"Niliamka nikachota maji."

"Enhe. Halafu?"

"Nikampelekea bibi uji. Nikamgeuza. Halafu nikaja."

Neno "nikamgeuza" ndilo la kukaa nalo. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anamgeuza bibi aliyelala kitandani asipate vidonda, kisha anakuja shule na kukuta mwalimu wa zamu na fimbo. Wenyewe tunasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, halafu asubuhi tunasahau.

Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hujasema neno jingine. Ni vigumu kuliko unavyodhani, hasa kwetu tuliozoea kujibiwa kwa sauti ya pamoja. Usilazimishe akutazame usoni. Mtoto aliyelelewa vizuri katika nyumba zetu huinamisha macho mbele ya mkubwa, nasi hao hao tuliomfundisha tunasema "ona, ana hatia". Na kama nyumbani kwao Kiswahili ni cha redioni tu, na yeye huongea Kisukuma, Kihehe au Kimaasai, majibu ya neno moja moja si dalili ya ukaidi. Mwombe mwalimu mwenzako anayeijua lugha yake akae nawe, au wewe mwenyewe mpe ruhusa aseme kwa lugha ya kwao.

Usimwahidi siri. Mwambie hivi: "Sitawatangazia watu. Lakini ukiniambia kuna mtu anakuumiza, itabidi nimtafute mtu wa kukusaidia."

Akikwambia jambo zito

Lile badiliko la ghafla nililolitaja juu mara nyingine huletwa na haya. Akisema anapigwa mpaka kujeruhiwa, au kuna mtu anayemgusa au kumlala, acha kuuliza. Usimhoji apate kueleza kila kitu, wala usimwite mwalimu wa pili asimulie upya. Kila kurudia kunamuumiza na kunaweza kuharibu ushahidi. Mwambie maneno matatu: nimekusikia, hujakosea, nitakusaidia. Andika alivyosema kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe na saa. Usimpigie simu mtu aliyetajwa, na usimrudishe nyumbani kama mtu huyo anaishi humo.

Mjulishe mwalimu mkuu na ofisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo, na polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Kama amebakwa, hospitali ni ya haraka: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Huduma ya simu kwa mtoto ni namba 116. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, kwa hiyo mwalimu anayenyamaza "asiharibu ndoa ya watu" anavunja sheria, na anamwacha mtoto peke yake.

Hatua ya tano: nenda nyumbani kama mgeni

Tuma salamu kabla. Wengi wetu tumemzoesha mzazi kumwona mwalimu kwa mambo mawili, michango na malalamiko, hivyo ukitokea ghafla utakutana na nyumba iliyojihami. Piga hodi, keti ulipoonyeshwa, pokea maji ukipewa. Kama kuna bibi au babu, msalimu yeye kwanza.

Sentensi yako ya kwanza iwe jema la kweli kuhusu mtoto. "Mama Neema, mwanao ana mwandiko mzuri kuliko darasa zima." Ya pili: "Sikuja kumshtaki, na naomba leo asipigwe kwa ajili yangu." Usiiruke hii. Mara nyingi mzazi huona aibu mbele ya mwalimu na aibu hiyo humwangukia mtoto jioni. Ndipo useme ulichokiona, kama ulivyokiandika kwenye daftari, bila kukitolea jina, na uombe msaada: "Naona saa mbili asubuhi usingizi unamshinda. Mama, mimi namwona shuleni tu. Hapa nyumbani siku yake ikoje?"

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mama atakuambia kwamba chumba ni kimoja na nje kuna baa inayopiga muziki mpaka saa nane usiku, au kwamba mtoto hukojoa kitandani na huamka kabla ya wote afue shuka asichekwe. Usikague nyumba kwa macho. Usiulize baba yuko wapi mbele ya watoto. Ukiona hakuna chakula, usiseme kitu kuhusu chakula pale, ongea kesho na mwalimu mkuu kuhusu uji wa shule.

Nyumba isipokuwa na mtu mzima, mwenyekiti wa kitongoji au mhudumu wa afya wa jamii anaweza kukupa picha. Lakini sikiliza kwa tahadhari, maana jirani naye ana hukumu zake.

Hatua ya sita: sasa amua

Kuelewa hakufuti kosa. Wapo watoto utakaowafuatilia kwa hatua zote hizi ukute mvulana amekaa kibanda umiza mpaka saa sita usiku akitazama mpira, na uji alikunywa, na macho yake ni mazima. Huyo amekosea, na sasa unaweza kumwambia hivyo kwa jina la kosa lenyewe. Afanye kazi aliyoikosa baada ya vipindi, na mzazi akubali mbele yake saa ya kulala. Adhabu iliyokuja baada ya kusikilizwa mtoto huipokea tofauti kabisa, kwa kuwa anajua umeona.

Kuhusu fimbo nasema wazi ninavyoamini: haina nafasi. Anayeikimbilia hutetea kwa samaki mkunje angali mbichi, lakini mvuvi hamkunji samaki kabla hajamtazama. Na hata sheria haimpi kila mwalimu ruhusa. Kwa Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kabisa adhabu ya mwili shuleni. Kiboko cha mwalimu wa zamu kwa kila aliyechelewa getini hakimo katika kanuni yoyote.

Sababu ikiwa ni ya mwili, mpe mzazi barua fupi ya kwenda nayo kituo cha afya, ukitaja ulichokiona na siku. Ikiwa ya nyumbani, punguza unachoweza kupunguza: msichana mwenye bibi mgonjwa aruhusiwe kuingia saa mbili bila kuandikwa mchelewaji. Kama msichana aliacha shule kwa sababu ya ujauzito, mlango upo: tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana kama yeye warudi katika mfumo rasmi, na wapo wazazi ambao bado hawajui. Nenda ukawaambie.

Andika uamuzi wako chini ya ukurasa uleule wa daftari dogo, na tarehe ya wiki mbili baadaye. Siku hiyo soma tena rejista, mtazame tena kipindi cha pili. Kama hakuna kilichobadilika, ulielewa nusu. Rudi chini ya mti.

Na kama ulishamhukumu kabla, umwombe radhi mahali palepale ulipomwaibisha. Ukimsema vibaya katika darasa la watoto 60 halafu ukamwomba radhi ofisini mkiwa wawili, watoto 59 wamebaki na lile la kwanza.

Yule mvulana mrefu alipata miwani hospitali ya wilaya, baada ya mjomba wake kuuza mbuzi na walimu kuongezea nauli. Aliporudi nilimsimamisha mbele ya darasa lilelile. Nikasema kwamba nilimwita mvivu, kwamba nilikosea, na kwamba alikuwa haoni ubao nami sikuuliza. Nikamwomba radhi kwa jina lake. Darasa lilikuwa kimya. Akasema, "Haya, mwalimu," akakaa dawati lake jipya la mbele, akafungua daftari, na kuanza kuandika tarehe akiitazama ubaoni.